James Brown: Sekunde 20 za ngoma zilizozunguka dunia

Jumamosi moja jioni huko Busanza, upande wa Kanombe jijini Kigali, vijana sita walikuwa wametandaza maboksi yaliyokunjuliwa juu ya sakafu ya ua, wakifanya mazoezi ya kucheza. Spika yao ilikuwa ndogo, lakini sauti yake ilivuka ukuta. Kila wimbo ulipofika mahali ambapo mwimbaji hunyamaza, gitaa na tarumbeta zikakatika na ngoma zikabaki peke yake, mmoja wao alijitupa katikati na kuzunguka juu ya mgongo wake. Sehemu hiyo ilipokwisha, alirudi pembeni kuisubiri tena.

Sehemu hiyo fupi ya wimbo, ambayo katika makala haya tutaiita mkato, ndiyo iliyozaa muziki unaojulikana ulimwenguni kwa jina la brekibiti. Kutoka humo ilichipuka hip hop, na baadaye mitindo kadhaa ya muziki wa dansi barani Ulaya. Wengi walioupenda muziki huo waliingilia mlango mmoja: santuri za Mmarekani James Brown. Maisha yake ni habari ya mtoto fukara aliyeigeuza bendi nzima kuwa ngoma. Ni habari pia ya watu waliompigia ngoma hizo, ambao majina yao hayakutangazwa.

Mng'arisha viatu wa Augusta

James Brown alizaliwa tarehe 3 Mei 1933 katika kibanda cha mbao karibu na mji wa Barnwell, jimbo la South Carolina. Mama yake aliondoka akiwa bado mdogo, na baba yake akampeleka Augusta, katika jimbo jirani la Georgia, kulelewa kwenye nyumba ya jamaa yao iliyokuwa pia danguro. Sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala kila kitu katika eneo hilo la kusini, kuanzia viti vya basi hadi madawati ya shule. Mtoto huyo alichuma pamba, aling'arisha viatu barabarani, na kuwachezea askari wa kambi ya jirani ili wamtupie senti. Kuna siku alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu nguo zake hazikustahili darasani.

Mwaka 1949, akiwa hajatimiza miaka 17, alifungwa kwa wizi wa vitu ndani ya magari. Gerezani aliimba nyimbo za injili. Kijana mmoja aitwaye Bobby Byrd, ambaye familia yake iliishi katika mji wa Toccoa, alivutiwa na kipaji chake, na familia hiyo ikamdhamini hadi akaachiliwa mwaka 1952. Wawili hao waliimba pamoja katika kundi lililokuja kuitwa Famous Flames.

Wimbo wao wa kwanza, Please, Please, Please, ulitoka mwaka 1956 chini ya kampuni ya King ya mjini Cincinnati. Mkuu wa kampuni hiyo, Syd Nathan, hakuupenda, lakini wanunuzi waliupenda. Miaka sita baadaye Brown alitaka kurekodi onyesho lake mbele ya hadhira katika ukumbi wa Apollo, mtaa wa Harlem, New York. Nathan alikataa kugharamia jambo aliloliona kuwa hasara. Brown alilipa kwa fedha zake mwenyewe, na usiku wa tarehe 24 Oktoba 1962 mitambo ikawashwa. Albamu hiyo ilidumu katika orodha ya mauzo ya Marekani kwa wiki 66.

Kila ala ikawa ngoma

Kufikia katikati ya miaka ya 1960, Brown alianza kufanya jambo ambalo muziki wa redioni ulikuwa haujazoea. Nyimbo nyingi za wakati huo zilisimama juu ya sauti tamu na mfuatano wa nota za kinanda. Yeye aliuweka uzito wote kwenye pigo la kwanza la kila hatua ya muziki, na akaitaka kila ala ilizunguke pigo hilo. Gitaa halikuimba tena, lilikwaruza. Tarumbeta na saksafoni zilipiga vifungu vifupi kama nyundo. Hata sauti yake mwenyewe, kwa vilio na miguno, ilifanya kazi ya ngoma. Muziki huo uliitwa fanki.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki na Kati hahitaji maelezo marefu hapa. Anaijua sebene ya Kongo, pale mwimbaji anapowaachia uwanja wapiga gitaa na wachezaji wakaamka vitini. Tofauti ni kwamba Brown alipunguza zaidi: aliziondoa hata gitaa, akabakiza ngoma tupu. Katika wimbo Cold Sweat wa mwaka 1967 anasikika akiitaka bendi impe mpiga ngoma nafasi yake.

Mpiga ngoma huyo alikuwa Clyde Stubblefield, kijana wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, ambaye hakuwahi kufundishwa muziki na mtu. Alikua akisikiliza mashine za viwandani na magari ya moshi, na mapigo hayo akayahamishia kwenye ngoma. Siri yake ilikuwa katika mapigo madogo, karibu yasisikike, aliyoyapenyeza katikati ya mapigo makubwa, kiasi kwamba mdundo ulionekana kutembea wenyewe. Tarehe 20 Novemba 1969, mjini Cincinnati, bendi ilirekodi wimbo Funky Drummer. Baada ya dakika kadhaa wenzake walinyamaza, na Stubblefield akapiga peke yake kwa sekunde zipatazo 20. Wimbo wenyewe haukutikisa soko. Sekunde hizo 20 zilikuwa na safari nyingine mbele yao.

Nidhamu ya bendi hiyo ilikuwa ya kijeshi. Mwanamuziki aliyekosea nota, aliyechelewa au aliyepanda jukwaani na viatu visivyong'aa alikatwa fedha. Mwaka 1970 sehemu kubwa ya bendi iliondoka kwa sababu ya malipo, na Brown akawaita vijana waliokuwa hawajulikani, akiwemo mpiga gitaa la besi Bootsy Collins aliyekuwa na miaka 18. Mwaka huohuo walirekodi Sex Machine, na muziki ukasonga mbele kana kwamba hakuna aliyeondoka.

Sauti ya watu wake

Nje ya jukwaa, Brown alikuwa amekwisha kuwa kiongozi ambaye hakuchaguliwa na mtu. Tarehe 5 Aprili 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, miji mingi ya Marekani ilikuwa ikiwaka moto. Onyesho la Brown mjini Boston nusura lifutwe. Badala yake lilirushwa moja kwa moja kwenye televisheni ili watu wabaki majumbani, na vijana walipoanza kupanda jukwaani, yeye mwenyewe aliwatuliza na kuwaomba polisi warudi nyuma. Boston ilipita usiku huo kwa utulivu kuliko miji mingine mingi. Miezi michache baadaye alitoa wimbo uliowataka watu weusi waitangaze rangi yao kwa fahari, bila woga.

Katika miaka hiyohiyo alinunua vituo vya redio. Kimojawapo kilikuwa WRDW cha Augusta, ambacho mbele ya mlango wake alikuwa aking'arisha viatu alipokuwa mtoto.

Kutoka Bronx hadi Kinshasa

Tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo la ghorofa namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx jijini New York, kijana mwenye asili ya Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Alikuwa ameona kwamba wachezaji husubiri mkato. Basi akabuni mbinu ya kutumia santuri mbili za wimbo mmoja: mkato ukiisha kwenye ya kwanza, anauanzisha kwenye ya pili, na hivyo sekunde chache zikawa dakika nyingi. Miongoni mwa nyimbo alizozitegemea ulikuwa Give It Up or Turnit a Loose wa James Brown. Hapo ndipo brekibiti ilipozaliwa, na wachezaji waliojitupa sakafuni wakati wa mkato ndio mababu wa vijana wa Busanza.

Mwaka uliofuata Brown mwenyewe alikuja Afrika ya Kati. Zaire ya Mobutu ilikuwa ikijiandaa kwa pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, na tamasha kubwa la muziki lilipangwa kulisindikiza. Foreman alichanika karibu na jicho akiwa mazoezini na pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini tamasha halikungoja. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa uliwapokea Miriam Makeba, B.B. King na Celia Cruz pamoja na wenyeji Franco na Tabu Ley. James Brown ndiye aliyekuwa nyota wa tamasha hilo.

Kinshasa haikuwa ikimsubiri Brown ili ijue ngoma. Wakati huo vijana wa Zaiko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Desemba 1969, walikuwa wameachana na tarumbeta na kuziweka ngoma na gitaa mbele, na mpiga ngoma wao Meridjo Belobi ametajwa kuwa baba wa mdundo wa kavacha, ambao hadi leo unasikika kwenye harusi za Kigali, Goma na Bujumbura. Pande mbili za Atlantiki zilikuwa zimefikia wazo moja, kila moja kwa njia yake.

Gerezani, huku ngoma zikivuma

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu kwa Brown. Umaarufu ulipungua, madeni ya kodi yakaongezeka, na dawa za kulevya zikaingia. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa tuhuma za kuwapiga wake zake, doa ambalo sifa za jukwaani haziwezi kulifuta. Mwaka 1988, baada ya polisi kumfukuza kwa magari katika majimbo mawili, alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Aliachiliwa Februari 1991.

Alipokuwa kifungoni, muziki wake ulisikika kuliko wakati mwingine wowote. Mashine mpya ziliwawezesha watayarishaji kuchukua sampuli ya sauti kutoka santuri ya zamani na kuirudia watakavyo. Sekunde 20 za Stubblefield zilichukuliwa na Public Enemy na wengine wengi. Nchini Uingereza, vijana wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walizikimbiza ngoma za namna hiyo kwa kasi kubwa, hasa mkato wa kundi la The Winstons wa mwaka 1969, wakatengeneza mtindo walioupa jina la jangol.

Swali la nani alipwe likazuka. Sheria ya hakimiliki huwatambua zaidi waliotunga maneno na sauti ya wimbo, pamoja na mmiliki wa rekodi. Mdundo wa mpiga ngoma kwa kawaida haukuhesabiwa kuwa utunzi. Brown, aliyeandikwa kuwa mtunzi, alikuwa na haki ya kudai. Stubblefield alikuwa amelipwa ujira wa kazi, basi. Aliishi mjini Madison, jimbo la Wisconsin, akipiga muziki kwenye kumbi ndogo, na alipougua alisaidiwa na wenzake. Alifariki Februari 2017. Mpiga ngoma wa The Winstons, Gregory Coleman, alikufa fukara mwaka 2006.

Jambo hili halitufikii kutoka mbali tu. Ngoma za Burundi zilirekodiwa na wageni katika miaka ya 1960. Mwaka 1971 zilitolewa Ulaya zikiwa zimeongezewa piano na gitaa, na mwaka 1975 mwanamuziki wa Kanada Joni Mitchell alizizungusha kama kitanzi ndani ya wimbo The Jungle Line, kabla watu wengi hawajalijua neno sampuli. Wasikilizaji wengi waliozicheza hawakupata kujua majina ya waliozipiga. Katika ukanda wetu, ambako kwa Kinyarwanda na Kirundi neno moja, ingoma, lilibeba maana ya ngoma na ya utawala pia, hilo si jambo dogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Kifo na wosia

James Brown alifariki mjini Atlanta usiku wa kuamkia tarehe 25 Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka 73, kwa maradhi ya moyo baada ya kulazwa na kichomi. Maelfu walipanga foleni kumuaga katika ukumbi uleule wa Apollo alioulipia kwa fedha zake mwaka 1962.

Wosia wake uliacha sehemu kubwa ya mali yake kusomesha watoto maskini wa South Carolina na Georgia, majimbo ambayo moja lilimzaa na jingine lilimrudisha nyumbani kwa ajili ya nguo zake. Kesi za warithi zilichukua takriban miaka 15. Mwishoni mwa mwaka 2021 haki za muziki wake ziliuzwa, kwa kiasi kilichokadiriwa kuwa dola milioni 90, ili mfuko huo wa masomo uanze kazi.

Vijana wa Busanza walimaliza mazoezi giza lilipoingia, wakakunja maboksi yao. Walipoulizwa wimbo ule ni wa nani, wote sita walijibu bila kusita kwamba ni wa James Brown. Jina la aliyepiga ngoma walilisikia jioni hiyo kwa mara ya kwanza, na mmoja wao akaomba liandikwe kwenye simu yake.