Rashidi Kawawa, mchezaji wa sinema aliyekuwa waziri mkuu

Wakaaji wa Lubumbashi wanaolijua jina la Rashidi Mfaume Kawawa wanalijua zaidi kama jina la kiongozi wa Tanzania. Lakini kabla ya siasa, Kawawa alikuwa mchezaji wa sinema, mmoja wa wale wa kwanza kabisa kuonekana katika filamu za Kiswahili.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 huko Matepwende, upande wa Songea, kusini mwa Tanganyika. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Alisoma Tabora, kisha akaajiriwa na serikali ya Waingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali hiyo ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za watu weusi mjini Dar es Salaam. Kawawa alipewa nafasi ya kwanza katika Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952: mtu wa kijijini anafika mjini na wajanja wanamdanganya. Watu walicheka, na wakoloni walitaka wajifunze. Ni wakati ule ule ambapo huku kwetu, katika Kasai, Padri Albert Van Haelst alikuwa akitengeneza filamu za Matamata na Pilipili.

Kawawa hakubaki kwenye sinema. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la sendika za wafanyakazi wa Tanganyika. Kwa kuwa watumishi wa serikali walikatazwa kuingia TANU, chama cha Julius Nyerere, ilimbidi achague. Aliacha mshahara wa serikali, akashika siasa.

Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu na Kawawa akawa waziri mkuu, akiwa na miaka 35. Siku hizo Katanga ilikuwa bado imejitenga chini ya Moïse Tshombe.

Baadaye alikuwa makamu wa pili wa raisi, akarudi kuwa waziri mkuu kuanzia 1972 hadi 1977, kisha akaongoza wizara ya ulinzi wakati wa vita na Idi Amin. Watanzania walimwita Simba wa Vita.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na miaka 83. Yule aliyecheza mshamba anayepotea mjini alikuwa amesaidia kuongoza inchi nzima.