John Wayne na Filamu ya Hatari

Miongoni mwa wageni waliopata kufika chini ya Mlima Meru, ni wachache waliotajwa kwa muda mrefu kama marehemu John Wayne, mchezaji sinema wa Marekani. Jina alilopewa na wazazi wake ni Marion Robert Morrison, naye alizaliwa mwaka 1907 katika mji mdogo wa Winterset, jimbo la Iowa. Hakusomea uigizaji. Alikuwa mcheza mpira wa chuo kikuu. Akaumia bega, akakosa msaada wa masomo, ndipo akaishia kubeba vyombo katika studio za sinema. Mwaka 1930 alipewa nafasi kubwa katika The Big Trail, lakini picha hiyo ilianguka, akakaa karibu miaka 10 akicheza picha za bei rahisi mpaka Stagecoach ilipompandisha mwaka 1939.

Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, ilipigwa mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, makao yakiwa Momella. Inasimulia habari za watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo. Hawks alitaka wachezaji wafanye kazi hiyo wenyewe, na Wayne, mtu wa miaka 53, alikaa kwenye kiti kilichofungwa ubavuni mwa pua ya gari, mti wenye kitanzi mkononi, akiwafukuzia vifaru na twiga. Ujasiri huo hatuna sababu ya kuukana.

Lakini hapana budi tuseme pia kwamba katika picha hiyo, yenye jina la Kiswahili, wenyeji karibu hawasemi neno. Wanabeba, wanalisha wanyama, wanapanda nyuma ya malori. Ilipoonyeshwa mwaka 1962, nchi hiyo ilikwisha kuwa huru tangu tarehe 9 Desemba, 1961, na miezi mitatu kabla ya uhuru huo Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa, katika mkutano uliofanyika hapa hapa Arusha, tamko la kuwalinda wanyama pori. Mchezaji mwenzake Wayne, Mjerumani Hardy Krüger, ndiye aliyenunua shamba Momella akaishi huko mpaka miaka ya 1970.

Wayne alirudi kwenye shughuli zake. Mwaka 1964 alitolewa pafu kwa sababu ya saratani. Mwaka 1968 alitoa The Green Berets, picha ya kutetea vita vya Vietnam, ingawa yeye mwenyewe hakuvaa sare katika Vita Kuu ya Pili. Tuzo ya Oscar aliipata mwaka 1970 kwa True Grit. Mwaka uliofuata aliliambia gazeti moja la kwao maneno ya kuwadharau Wamarekani weusi, na maneno hayo yamelifuata jina lake hadi leo.

Picha yake ya mwisho, The Shootist ya mwaka 1976, yahusu mpiga bastola mzee anayekufa kwa saratani. Maradhi hayo hayo yalimwua Wayne mjini Los Angeles, tarehe 11 Juni, 1979.