Cicely Williams, daktari aliyepinga manesi wa uongo

Cicely Williams alizaliwa Jamaika mwaka 1893, akasomea udaktari Oxford. Mwaka 1929 Uingereza ilimtuma Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Kule alikuta watoto wenye miguu kuvimba na ngozi kubambuka. Aliuliza wamama wenyewe, wakamupa jina kwa lugha ya Ga: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto mwenye kuachishwa ziwa juu mdogo wake amezaliwa. Kivu watu wanauita bwaki. Aliuandika mwaka 1933. Wakubwa wa udaktari walibisha, eti ni pelagra tu. Kumbe yeye ndiye alikuwa na haki.

Mwaka 1936 alihamishwa Malaya. Huko wauza maziwa walikuwa wanavalisha wanawake nguo za nesi, wanapita kwa wazazi na kuwashauri maziwa ya kopo yenye sukari pahali pa ziwa. Watoto walikufa. Mwaka 1939, mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore, alisema wazi kwamba hayo ni mauaji.

Wakati wa vita Wajapani walimufunga. Alitoka muzima, na mwaka 1948 akawa wa kwanza kuongoza huduma ya mama na mtoto kwenye OMS, Geneva. Alifariki 1992.

Leo pia wenye kujiita wataalamu wa lishe ni wengi. Nguo nyeupe haitoshi. Muulize: ulisomea wapi? Nani anakulipa? Na unauza nini?