Mtakatifu Martino na Upanga

Martino alizaliwa katika nchi iitwayo leo Hungaria. Baba yake alikuwa mkubwa wa askari wa Roma. Martino alipokuwa na miaka 15 akatiwa jeshini kwa nguvu. Baadaye akabatizwa.

Siku moja vita ilikuwa karibu kuanza huko Worms, Ujerumani. Kaisari Yuliano akawagawia askari zawadi. Martino akaikataa, akaomba ruhusa kuacha jeshi, kwani alitaka kuwa askari wa Kristo tu. Kaisari akamwita mwoga. Ndipo Martino akajitoa kusimama kesho yake mbele ya adui, bila upanga wala ngao. Akafungwa. Lakini kulipokucha adui wakaomba amani.

Mwaka 371 akawa askofu wa Tours, Ufaransa. Baadaye maaskofu wengine walimshtaki Prisiliano kwamba alifundisha uongo. Martino akamsihi kaisari Maximus asimwue. Yatosha afukuzwe katika Kanisa. Kaisari akaahidi, lakini Martino alipoondoka, Prisiliano akauawa. Martino akasikitika sana.

Alikufa mwaka 397. Kanisa halimkatazi mtu kujilinda, wala kumlinda jirani anayeonewa. Lakini Martino atufundisha kwamba kuweka upanga chini si woga, na kwamba imani hailindwi kwa kuua watu.