Kivoi Mwendwa: Shujaa Tunayemjua kwa Kalamu ya Mwingine

Kabla ya kuorodhesha sifa za mhusika yeyote katika kitabu teule, mwanafunzi hana budi kujiuliza: nimemjua mhusika huyu kupitia kwa nani? Maisha ya Kivoi Mwendwa, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba katika karne ya 19, yanatupa zoezi zuri la swali hilo.

Maisha yake

Kivoi aliishi Kitui. Eneo hilo, sawa na Makueni, ni la ukame. Mvua ikikosa misimu miwili, ghala hubaki tupu. Wakamba wa kale walikabiliana na njaa kwa desturi ya kuthuua, yaani kwenda kwa majirani kubadilishana mali kwa chakula. Kutokana na safari hizo fupi ilichipuka misafara mirefu ya kwenda pwani. Kufikia miaka ya 1840, Kivoi alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa misafara hiyo. Watu wake waliteremka Mombasa na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kiongozi wa msafara alihitaji kujua maji yalipo nyikani, kupatana na wenyeji wa njiani na kuwalinda waliomfuata.

Mnamo Novemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alisafiri kutoka Rabai, akapitia Kikumbulyu, katika Makueni ya leo, hadi kwa Kivoi. Mwenyeji alimpokea, akamweleza habari za nchi na za mlima mkubwa ulio mbali. Krapf alielezwa pia kuwa mlimani kulikuwa na kitu cheupe kilichosababisha baridi kali. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona mlima huo akiwa Kitui. Jina alilolisikia huko akaliandika, na mwaka wa 1920 koloni la Waingereza likaitwa Kenya, kwa jina la mlima huo.

Krapf alirudi mwaka wa 1851. Mwezi wa Agosti, Kivoi alimchukua katika msafara wa kuelekea Mto Tana. Walipokaribia mto, walishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa. Krapf alinusurika, akatangatanga porini kwa siku kadhaa kwa njaa na kiu. Alipofika tena kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha mkuu wao, naye akatoroka na kurejea Rabai.

Mwanafunzi anajifunza nini?

Kwanza, sifa ya shujaa hutoka katika matendo yake. Katika kusahihisha insha, nimekutana mara nyingi na Kivoi aliyepigana na wakoloni hadi kufa. Huyo si Kivoi. Alifariki mwaka wa 1851, ilhali Waingereza walitangaza utawala wao hapa mwaka wa 1895. Mtahiniwa wa aina hiyo amekariri kuwa kila shujaa ni mpigania uhuru, kisha akambandika Kivoi kofia ya Muindi Mbingu. Ushujaa wa Kivoi ni wa kuongoza watu katika nchi kame na kuwarejesha nyumbani na mali. Huo nao ni ushujaa.

Pili, msimulizi ana macho yake. Kivoi hakuacha hata ukurasa mmoja wa maandishi. Mengi tunayoyajua kumhusu yaliandikwa na Krapf, mgeni aliyekuja kueneza Ukristo na kutafuta njia ya kwenda bara. Ukimsoma Krapf peke yake, utasema yeye ndiye aliyeugundua Mlima Kenya. Hata hivyo, maelezo yake mwenyewe yanaonyesha kwamba wenyeji wake waliujua kabla yake. Vivyo hivyo, katika tamthilia, maneno ya mhusika mmoja kumhusu mwingine ni ushahidi wa kupimwa. Je, anayesema ni rafiki, hasimu au mgeni? Anataka nini?

Tatu, tukio moja hubeba zaidi ya maana moja. Kwa Krapf, shambulio la Tana lilikuwa balaa aliyoepuka. Kwa jamaa za Kivoi, lilikuwa msiba: mkuu wao alitoka na mgeni, mgeni akarudi peke yake. Anayetaja upande mmoja tu amejibu nusu ya swali.

Nne, shujaa ni binadamu. Kivoi alikuwa mkarimu, lakini pia alitafuta faida, na pembe zilizomtajirisha zilitoka kwa ndovu waliouawa. Mtahiniwa anayetaja hayo hamvunjii heshima; anaonyesha kuwa amemsoma.

Kwa hivyo, unapoandika kuhusu mhusika, taja sifa, tukio linaloithibitisha, kisha anayetusimulia tukio hilo. Wengi huishia kwenye sifa.

Maswali ya kujadili

1. Fafanua sifa tatu za Kivoi, ukithibitisha kila moja kwa tukio.
2. Jamaa za Kivoi walikuwa na haki ya kumlaumu Krapf? Jadili pande zote mbili.
3. Chagua mhusika katika kitabu teule unachosoma ambaye tunamjua zaidi kupitia kwa maneno ya wengine. Eleza kwa nini tuyaamini au tuyatilie shaka.