Marehemu Kanumba na Ujira wa Msanii

Marehemu Steven Kanumba alizaliwa mwaka 1984, akakulia Shinyanga. Alipofika Dar es Salaam aliingia kundi la Kaole, akajulikana kwa michezo ya televisheni. Baadaye alitoa filamu zake mwenyewe, akashirikiana hata na Ramsey Nouah wa Nigeria. Aliweza kuchekesha, akaweza na kuliza. Alifariki tarehe 7 Aprili, 2012, akiwa na miaka 28 tu, akazikwa Kinondoni mbele ya umati mkubwa.

Toka Madale hata Temeke watu walimlilia. Lakini sisi twasema wazi, ndugu wafanyakazi: machozi hayatoshi. Uigizaji ni kazi kama kazi nyingine. Anunuaye nakala ya wizi humnyang'anya msanii jasho lake. Tumkumbuke marehemu kwa kuwalipa walio hai.