Dennis Ritchie: Aliyeunda lugha ya C, akaondoka kimyakimya

Simu uliyoshika sasa hivi ina kazi ya Dennis Ritchie ndani yake, hata kama jina lake hujawahi kulisikia.

Alizaliwa Septemba 9, 1941 Bronxville, New York, Marekani. Baba yake alikuwa mwanasayansi wa Bell Labs. Dennis akasoma fizikia Harvard, kisha mwaka 1967 naye akaingia Bell Labs.

Harvard aliacha kisa. Mwaka 1968 tasnifu yake ya udaktari ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kupeleka nakala iliyojalidiwa tu. Hakupeleka, na PhD akaikosa.

Mwaka 1969 Ken Thompson alianza kuunda mfumo wa Unix, Ritchie akiwa naye bega kwa bega. Kufikia 1972 Ritchie alikuwa ameunda lugha ya C, na mwaka uliofuata Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo. Ikawa rahisi kuihamishia kwenye kompyuta za aina nyingine.

C inakupa uhuru mkubwa, lakini haikushiki mkono. Angalia programu inavyojifunga. Ikimaliza kazi, huita exit. Hapo ndipo usafi hufanyika: data iliyokuwa ikisubiri kwenye kumbukumbu huandikwa kwenye faili, mafaili hufungwa, na kazi zilizoandikishwa kupitia atexit hufanywa kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kama kupangua sahani zilizopangwa juu kwa juu.

Matatizo nayo huanzia hapo hapo. Kazi mojawapo ya usafi ikiita exit tena, kanuni za C hazisemi kitokee nini, na programu inaweza kuzunguka bila kuisha. Ikianguka kabla ya usafi, data iliyokuwa ikisubiri inaweza kupotea. Yaani umeandika kutwa nzima, kumbe faili ni tupu. Ile hatua ndogo ya mwisho ndiyo inayoharibu yote.

Ritchie mwenyewe aliiruka hatua ya mwisho kule Harvard, ila kazi yake haikupotea. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha C pamoja na Brian Kernighan, kikawa mwalimu wa waandishi wa programu duniani kote. Mwaka 1983 yeye na Thompson wakapata Tuzo ya Turing. Mwaka 1999 Rais Bill Clinton akamvisha nishani ya taifa ya teknolojia. Alistaafu 2007.

Oktoba 12, 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Alikuwa na miaka 70. Wiki moja kabla alikuwa amefariki Steve Jobs, na vyombo vya habari vilikuwa bado vimejaa habari za Jobs. Ya Ritchie wengi hawakuisikia.

Lakini kiini cha Android ni Linux, iliyoandikwa kwa C. iPhone nayo ina mizizi yake kwenye Unix. Uwe na simu ipi kati ya hizo, Ritchie yumo.